TAA YA PIKIPIKI NI KWA NJIA, SI KWA MACHO YA MWENZAKO



Mara hii ukurasa wetu wa usalama unatoka shimoni na kupanda barabarani. Mtauliza: watu wa usalama wanatafuta nini kwenye pikipiki? Jibu ni rahisi. Mfanyakazi aliyemaliza zamu yake salama, kisha akaanguka bondeni usiku akienda kuona jamaa zake Bukavu, amepotea kwetu sawasawa na yule aliyeangukiwa na jiwe. Mke wake halii nusu ya machozi kwa sababu ajali ilitokea nje ya kazi.

Tutazungumza juu ya jambo moja tu: taa. Taa kubwa ya mbele, na zile taa za nyongeza ambazo wengi wetu wanazifunga siku hizi kwenye pikipiki za safari ndefu. Watu wanafikiri kwamba taa kali ndiyo usalama. Tutaonyesha kwamba taa kali iliyoelekezwa vibaya ni hatari kuliko taa hafifu, na kwamba kuirekebisha hakuhitaji fedha. Kunahitaji ukuta, kipande cha kaa la moto, ufunguo mmoja, na mtu wa kukaa nyuma.

KANUNI YA CHINI YA ARDHI

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi anajua kanuni hii, hata kama hakuisoma popote. Ukikutana na mwenzako shimoni, humwangazi usoni. Unageuza kichwa kidogo, au unainamisha taa kuelekea miguuni, kisha mnasalimiana. Asiyefanya hivyo hukemewa papo hapo. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyepigwa mwanga machoni ndani ya giza anakuwa kipofu kwa muda, na kipofu katika njia yenye mashimo na mawe ni mtu wa kuanguka.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko sisi sote. Hapa Kamituga watu wameshuka na taa tangu siku za MGL, na baadaye katika siku za SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 na kumaliza kazi zake katika miaka ya 1990. Tena taa ya mchimbaji na taa ya pikipiki ni ndugu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla umeme haujaenea, zote mbili ziliwaka kwa kabidi: maji yanadondoka juu ya mawe ya kabidi, gesi ya asetilini inatoka, na mwali mweupe unawaka mbele ya kioo. Umeme ulipokuja, kila moja ilishika njia yake. Taa ya kichwani ilibaki na adabu yake. Taa ya pikipiki imeisahau.

NINI KINATOKEA MTU AKIPIGWA MWANGA

Kutoka Kamituga hadi Bukavu ni karibu kilomita 180 kwa barabara ya taifa namba 2, kupitia nchi ya Mwenga na ya Walungu. Kila mmoja wetu anaijua barabara hiyo. Siku ya mvua hakuna anayeweza kuahidi saa ya kufika. Kamyo moja ikizama katika potopoto, watu wote nyuma yake wanangoja. Ndiyo sababu mtu anayeondoka asubuhi kwa nia ya kufika kabla jua halijatua hujikuta giza limemkamata mlimani.

Sasa tuchukue mfano. Wewe uko kwenye pikipiki, unapanda. Kamyo inateremka. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni bonde. Dereva wa kamyo anakuona kama jua dogo mbele yake. Haoni ukingo wa barabara, haoni shimo, haoni kama uko katikati au pembeni. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni karibu mita 11 kwa kila sekunde. Akikosa kuona kwa sekunde 3 tu, kamyo imekwenda mita 33 bila macho. Na wewe ndiwe uliye mbele yake. Umempofusha mtu ambaye uhai wako uko mikononi mwake.

Tusiwasahau wanaotembea kwa miguu. Mama anarudi kutoka soko na kikapu mgongoni, mshipi kichwani, mtoto pembeni. Kijana anasukuma baiskeli yenye mifuko. Mwenzetu anatoka zamu ya usiku. Hao hawana taa, na mwanga wako ukiwapiga machoni hawajui wakimbilie upande gani. Wengine wanasimama katikati ya njia.

Macho hayarudi mara moja. Mwanga umeshapita, na bado mtu anaona doa jeusi mbele yake kwa sekunde kadhaa. Kwa mzee hali hiyo inachukua muda zaidi kuliko kwa kijana.

KWA NINI TAA ILIYO NZURI DUKANI INAKUWA MBAYA NJIANI

Hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Pikipiki inatoka dukani ikiwa imepangwa vizuri, au fundi ameipanga vizuri, lakini ameipanga ikiwa tupu. Nani kati yetu anakwenda Bukavu na pikipiki tupu? Anaketi mama nyuma, pengine na mtoto. Juu ya chuma cha nyuma kinafungwa kifuko cha mchele au sanduku. Uzito huo wote unaangukia gurudumu la nyuma. Springi za nyuma zinashuka, na pua ya pikipiki inainuka. Taa nayo inatazama juu.

Tufanye hesabu kama watu wa kazi. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pikipiki nyingi ndogo zina karibu sentimita 125. Tuseme mzigo umeshusha nyuma sentimita 4 tu. Basi kwa kila mita 10 za mbele, mwanga umepanda sentimita 32. Kama ulikuwa umepangwa ushuke sentimita 10 katika mita 10, sasa hauteremki tena, bali unapanda sentimita 22.

Taa yenyewe iko karibu sentimita 90 kutoka ardhini. Katika umbali wa mita 30 mwanga huo utafika kimo cha sentimita 156. Hicho ni kimo cha macho ya mtu anayetembea. Katika umbali wa mita 60 utafika zaidi ya mita 2. Hayo ni macho ya dereva wa kamyo. Unaona basi: sentimita 4 za springi zimetosha kuwapiga wote wawili, na wewe juu ya kiti chako hukujua neno lolote. Tena umepoteza na wewe, kwa sababu mwanga uliopaswa kuangaza mashimo unaangaza majani ya migomba.

KIPIMO CHA UKUTANI

Kazi hii ifanyike jioni, jua likitua, nyumbani au kwenye uwanja. Ni kazi ya jamaa nzima, na watoto wanaipenda.

1. Tafuta mahali tambarare mbele ya ukuta. Usikadirie kwa macho tu. Weka sahani yenye maji au chupa iliyolala uone kama ardhi inaelekea upande mmoja.

2. Angalia upepo wa magurudumu yote mawili. Gurudumu la nyuma lisilo na upepo wa kutosha linadanganya kipimo. Safisha na kioo cha taa. Tope kavu hutawanya mwanga ovyo.

3. Leta pikipiki karibu kabisa na ukuta, imesimama wima juu ya magurudumu yake, si juu ya stendi ya kati. Washa taa. Mtoto aweke alama ya kaa ukutani mahali penye kitovu cha mwanga. Hicho ndicho kimo cha taa yako. Piga mstari mlalo kupita hapo, na mstari wima pia.

4. Rudisha pikipiki nyuma, moja kwa moja, mita 10. Hatua kubwa za mtu mzima ni karibu mita 1 kila moja, lakini kamba iliyopimwa ni bora.

5. Sasa panda wewe mwenyewe. Mama akae nyuma kama anavyokaa safarini. Fungeni na mzigo wa kawaida. Hapo ndipo pikipiki imekuwa pikipiki yenu ya kweli.

6. Washa taa ya chini, ile ambayo madereva wetu huita kode. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya mstari wa kaa, kati ya sentimita 10 na 15. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa namba 53, inayohusu taa za pikipiki, inaruhusu mwanga ushuke kati ya sentimita 5 na 25 katika mita 10. Sisi tunachagua katikati.

Kwa nini tusiushushe zaidi kwa heshima ya watu? Kwa sababu na wewe unahitaji kuona. Taa yenye kimo cha sentimita 90, ikishuka sentimita 10 katika mita 10, inaangaza njia hadi mita 90. Ikishuka sentimita 15, inafika mita 60. Ikishuka sentimita 40, inafika mita 22 tu. Ukienda kilomita 40 kwa saa juu ya udongo mkavu, unahitaji karibu mita 25 kusimama, kuanzia pale unapoona hatari. Ukienda kilomita 60, unahitaji karibu mita 50. Udongo ukilowa unahitaji zaidi. Mtu anayekwenda mbio kuliko mwanga wake anaendesha ndani ya mambo asiyoyaona.

KUINAMISHA TAA

Pikipiki nyingi za hapa zina taa iliyoshikwa na bolti mbili, moja kila upande. Zilegeze kidogo kwa ufunguo, usizitoe, kisha inamisha taa kwa mkono hadi mwanga ufike kwenye alama. Nyingine zina skrubu ndogo chini ya taa au pembeni: zungusha polepole huku mwenzako akitazama ukuta. Baada ya kupata mahali pake, kaza. Panda tena, ruka mara mbili juu ya kiti ili springi zikae, kisha tazama ukuta mara ya pili. Mara nyingi utaona mwanga umehama kidogo.

Mtauliza: nikiipanga na mzigo, nikirudi peke yangu itakuwaje? Swali zuri. Pikipiki tupu itaangaza karibu sana. Kwa hesabu yetu ya juu, mwanga utafika mita 21 hivi. Dawa yake ni alama mbili. Chora kwa rangi mstari mdogo kwenye kikombe cha taa na mwingine kwenye chuma kinachokishika: alama moja ya mtu peke yake, alama nyingine ya mzigo. Kabla ya kuondoka, unalegeza, unaleta taa kwenye alama yake, unakaza. Ni kazi ya dakika 2. Kama springi za nyuma zina mahali pa kukaza ugumu, zikaze pia unapobeba mzigo, maana zikishuka kidogo taa haipandi sana.

Bolti hizo hulegea kwa mitikisiko ya barabara yetu. Zishike kwa mkono kila mara unapojaza mafuta.

KUSHOTO NA KULIA

Congo tunaendesha upande wa kulia. Rwanda na Burundi pia. Lakini Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, na bidhaa nyingi za Kivu hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Hili linahusu taa yako.

Baadhi ya taa hutengenezwa ili mwanga wa chini upande kidogo upande mmoja tu, upande wa ukingo wa njia, ili mwendeshaji aone watu wanaotembea na mitaro. Kwa sisi, upande huo lazima uwe wa kulia. Tazama ukuta wako ukiwa umekaa juu ya kiti. Kama mwanga ni sawa pande zote, hakuna neno. Kama unapanda upande wa kulia, ni vizuri. Kama unapanda upande wa kushoto, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi za kushoto, na hapa kwetu inawapiga machoni wote mnaokutana nao. Kuiinamisha kutapunguza ubaya, lakini hakutauondoa. Tafuta kioo cha taa kinachofaa upande wa kulia. Unaponunua pikipiki au taa iliyokwisha tumika, omba kuiwasha mbele ya ukuta kabla hujatoa fedha.

AMPULI KALI SI LAZIMA IWE NZURI

Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutumia ampuli ya volti 12 na wati 35. Watu huiona ndogo, wakaweka ampuli ya LED yenye mwanga mweupe sana unaoelekea bluu. Wengine wanafurahi kwa sababu miguu yao inaangazwa vizuri. Lakini kikombe cha taa kilichongwa kwa ajili ya uzi mmoja mdogo unaowaka mahali maalumu. Ukiweka kitu kinachowaka mahali pengine, mwanga unatawanyika juu na pembeni, na ile mipaka safi ya ukutani inapotea. Kipimo ni kilekile: kama huoni tena ukingo wa mwanga ukutani, ampuli hiyo haifai taa yako, hata kama ni ya bei kubwa.

Ampuli ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya kioo, mahali hapo panapata joto kupita kiasi, na ampuli inakufa mapema. Ishike kwa kitambaa safi. Tena beba moja ya akiba, imefungwa vizuri ndani ya soksi. Kwenye mlima hakuna duka.

TAA ZA NYONGEZA

Hatuwakatazi kuzifunga. Kwa safari ya mbali zinasaidia, ukijua kazi yake. Ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza hutupa mwanga mwembamba kwenda mbali. Hiyo ni rafiki wa taa ya juu tu. Waya wake uunganishwe hivi kwamba ukirudisha taa kwenye kode, nayo inazimika papo hapo. Ikiwa na swichi yake peke yake, siku moja utasahau, na siku hiyo ndiyo utakutana na kamyo.

Aina ya pili hutupa mwanga mpana na mfupi. Hiyo ni ya ukungu, na ya kona. Ifungwe chini ya taa kubwa, kwenye chuma cha kulinda injini, isifungwe juu ya usukani. Ikiwa iko sentimita 50 kutoka ardhini, ukingo wake wa juu ushuke sentimita 20 katika mita 10. Hapo itaangaza njia hadi mita 25, mbele ya gurudumu lako na pande zote mbili, na haitampiga mtu machoni. Ipimwe ukutani na mzigo, kama taa kubwa.

Katika ukungu wa milima, taa ya juu ni adui. Mwanga unagonga matone ya maji na kurudi usoni kwako kama ukuta mweupe. Shusha kwenye kode, washa taa za chini, punguza mwendo. Wengine wanasema rangi ya manjano ndiyo dawa. Ufaransa ilitumia taa za manjano kwenye magari yake kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1993. Lakini manjano peke yake hayapasui ukungu. Kinachosaidia ni taa kuwa chini na kutazama chini.

Mbele zitumike nyeupe au manjano tu. Nyekundu ni ya nyuma: ukiiweka mbele, mwenzako atafikiri unakwenda kumbe unakuja. Na zile taa za kumetameta ziachwe kabisa. Macho ya mtu gizani hayawezi kupima umbali wa kitu kinachowaka na kuzimika.

HESABU YA UMEME

Pikipiki ndogo ina kiwanda kidogo cha umeme. Taa mbili za wati 20 ni wati 40. Gawanya kwa volti 12: zinakula ampea 3 na kidogo. Betri ya ampea-saa 5, isipopata chakula kutoka kwa injini, itakufa kwa saa moja na nusu tu. Kwa hiyo fundi apime kwa mita: injini ikikimbia kwa mwendo wa kawaida na taa zote zimewaka, betri ionyeshe zaidi ya volti 13. Ikionyesha chini ya hapo, umefunga taa nyingi kuliko nguvu yako. Utafika Mwenga ukiwa gizani.

Waya utoke kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri. Kwa taa hizo mbili fyuzi ya ampea 5 inatosha. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake: waya utawaka chini ya tangi la mafuta. Usiunganishe waya wa taa za nyongeza kwenye waya wa taa kubwa, maana hitilafu moja itazima zote. Angalia pia waya haubanwi usukani ukizungushwa kushoto na kulia. Waya unaobanwa kila kona utakatika kwenye kona, na si mahali pengine.

MKIKUTANA NJIANI

Taa iliyopangwa vizuri bado inahitaji mtu mwenye adabu. Ukiona mwanga unakuja, shusha taa yako mara moja, usingoje mwenzako aanze. Asiposhusha, usilipize. Vipofu wawili njiani ni wabaya kuliko mmoja. Punguza mwendo, tazama ukingo wa kulia wa barabara badala ya kutazama taa zake, na kama njia ni nyembamba, simama. Ukipita watu wanaotembea, washushie taa nao pia. Ukimfuata mwenzako kwa nyuma, shusha: mwanga wako unampiga kupitia vioo vyake.

Na taa yako ikifa usiku, usiendelee kwa tochi ya simu mdomoni. Simama penye watu, ulale, uondoke alfajiri. Safari ya mchana bado ndiyo taa bora kuliko zote.

NENO KWA WA NYUMBANI

Mama, wewe ndiwe unayekaa nyuma. Uzito wako ndio unaoinua taa, na uhai wako uko juu ya kiti hicho pamoja na wa mtoto. Basi unayo haki ya kuuliza kabla ya kupanda: «Baba watoto, taa umeipima na sisi, au umeipima peke yako?» Akijibu kwamba ataipima kesho, mwambie safari nayo itakuwa kesho. Hilo si dharau kwa mume. Hata msimamizi wa zamu huulizwa juu ya mbao za kushikilia paa kabla watu hawajaingia.

Nanyi watoto, ile mistari ya kaa ukutani msiifute. Baba ataihitaji tena baada ya mwezi.

TUKUMBUKE

– Pima taa jioni, mbele ya ukuta, mita 10, na mzigo juu ya pikipiki.
– Mwanga wa chini ushuke sentimita 10 hadi 15.
– Ukingo unaopanda uwe wa kulia, si wa kushoto.
– Weka alama mbili: ya mtu peke yake na ya mzigo.
– Taa za mbali zizimike pamoja na taa ya juu. Taa za ukungu zikae chini na zitazame chini.
– Kila taa ya nyongeza iwe na fyuzi.
– Shusha wa kwanza.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi wa shimoni hatukubali neno hilo lote. Tukilikubali, tusingevaa kofia ngumu wala kusimamisha mbao. Shimoni tunainamisha taa mbele ya mwenzetu kwa sababu tunajua kwamba akianguka, atatuangukia. Barabara ya Bukavu nayo ni nyembamba. Tuinamishe taa.

Safari njema, na mrudi salama.